Namba ndogo iliyoturudisha nyumbani: homa ya Mama siku ya 10 baada ya kemo

Karatasi ya majibu ya Jumatano ile ninayo mpaka leo, nimeikunja ndani ya daftari langu la maandalio ya masomo. Ina mistari mingi, lakini usiku ule mimi na daktari wa zamu tulisoma miwili tu: CRP 19, prokalsitonini 0.2, vipimo vya damu ambavyo kwa kawaida hupanda mwili unapopambana na maambukizi. Daktari akasema, "Hapa hakuna bakteria, dada. Hii ni virusi tu." Nilimshukuru kutoka moyoni, nikamshika Mama mkono, tukapanda bajaji kurudi Mbagala. Usiku uliofuata Mama hakunitambua.

Naandika kwa ajili ya yeyote anayemuuguza mgonjwa wa saratani nyumbani. Mimi si daktari. Nafundisha hisabati sekondari, na mengi niliyoyajua kuhusu damu niliyajua nikiwa nimeshachelewa.

Mama alikuwa na miaka 58 alipogundulika na saratani ya titi la kushoto. Alitoka Muheza kuja kwangu Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji, kidonda kikapona, kisha tukaanza safari za Ocean Road, taasisi ya saratani: mizunguko 4 ya kemo, ile dawa nyekundu ya dripu ambayo wagonjwa wote wanaijua kwa rangi yake, kila baada ya siku 21, na mionzi baadaye. Mzunguko wa kwanza ulimchosha lakini haukututisha. Kichefuchefu, vidonda mdomoni, nywele kutoka kwa mafungu. Siku ile ya kwanza sista alitupa karatasi ya maelekezo na akaturudia kwa mdomo: kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu hushuka chini kabisa. Homa ikifika nyuzi 38 katika siku hizo, njooni hospitali saa yoyote, msingoje kupambazuke.

Niliitikia. Karatasi nikaibandika kwenye mlango wa kabati. Lakini homa kwetu ina mazoea yake ya miaka mingi. Homa ni malaria. Kama si malaria ni UTI. Kama si UTI ni taifodi. Unameza Panadol, unakunywa maji mengi, unalala, asubuhi unaamua. Mazoea hayo yalikuwa yamekaa ndani yetu kuliko karatasi.

Mzunguko wa pili alipata Jumatatu. Jumatano ya wiki iliyofuata, siku ya 10, alianza kusikia baridi saa 10 alasiri. Hakuniambia. Saa 11 alimeza Panadol 2, akajitanda khanga, akatoka kukaa barazani ili nikirudi nimkute ameketi. Nilifika saa 1 usiku. Nilipompa shikamoo na kumshika mkono, mkono ulikuwa wa moto. Kipimajoto cha kwapani kilisoma 38.1, na hapo Panadol ilikuwa imeshafanya kazi kwa saa 2. Bila Panadol ingesoma ngapi, sitajua kamwe.

Siku nyingi baadaye nilimuuliza kwa nini alificha. "Mwanangu, ulikuwa na mitihani ya kusahihisha," alisema. "Nikaona homa ni yangu, nisikubebeshe na hii." Sikuwa na jibu. Wagonjwa wengi wanaficha kwa sababu hiyohiyo, hasa wazazi wetu. Kwa hiyo usimuulize mgonjwa wako kama ana homa. Mpime. Asubuhi na jioni, kila siku, na uandike. Na Panadol isimezwe kabla ya kupima, maana inashusha joto na kuacha ugonjwa palepale. Hata zile dawa za kuzuia kutapika wanazopewa siku za kemo, kama deksamethasoni, zinaweza kuificha homa, hivyo mgonjwa aliyelegea ghafla au anayetetemeka kwa baridi apelekwe hospitali hata kipimajoto kikisema yuko sawa.

Tulikwenda hospitali ya binafsi jirani na kwetu, kwa sababu ilikuwa karibu na foleni yake ni fupi. Wakamtoboa kidole: malaria hakuna. Wakachukua damu ya FBP, yaani hesabu ya chembe za damu, na ya CRP na prokalsitonini. Mashine ya vipimo hivyo viwili ilikuwa mpya, na nakumbuka nilivyofarijika kuona wana kipimo kikubwa namna hiyo. Kumwona daktari 15,000, malaria 5,000, FBP 15,000, CRP 20,000, prokalsitonini 80,000. Jumla 135,000. Nililipa nikiamini nimenunua uhakika.

Daktari alikuwa kijana mpole, na sina kinyongo naye. Nilimwambia Mama ana saratani na yuko kwenye kemo. Sikumwambia ni siku ya ngapi, naye hakuuliza. Alitazama zile namba mbili, akaona zote ziko chini, akaandika Panadol na vitamini, akasema turudi Ijumaa hali isipotulia.

Juu ya mistari ile miwili kulikuwa na majibu ya FBP. Jumla ya chembe nyeupe, kwa maelfu: 1.1. Neutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo: asilimia 20. Kuzidisha 1.1 kwa asilimia 20 ni swali la kidato cha kwanza. Jibu ni 0.22, yaani neutrofili 220 katika kila mikrolita ya damu. Mgonjwa wa kemo mwenye homa, ambaye neutrofili zake ziko chini ya 500 au zinatarajiwa kushuka chini ya hapo, anahesabiwa kuwa kwenye dharura. Hapaswi kulala nyumbani akimeza vidonge vya kutuliza homa. Jibu la swali lilikuwa mkononi mwangu, na mimi ninayefundisha kuzidisha sikuzidisha, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kuwa hapo ndipo pa kuzidisha. Wewe nimekuambia. Chukua jumla ya chembe nyeupe, zidisha kwa asilimia ya neutrofili. Ikiwa chini ya 0.5 na kuna homa, usiondoke kwenye hiyo hospitali mpaka dawa ya mshipani ianze, au wakupe gari la kukupeleka inakopatikana.

Neutrofili ndizo zinazokimbilia bakteria wanapoingia. Ndizo zinazofanya jipu litunge usaha, koo livimbe, kidonda kiwe chekundu, kikohozi kitoe makohozi. Zikiisha, bakteria wanaingia kimya. Mama hakuwa na kikohozi, hakuumwa tumbo, mkojo haukumchoma. Alikuwa na homa tu. Na njia waliyopitia huenda ilikuwa ile michubuko ambayo kemo ilikuwa imeiacha mdomoni na kwenye utumbo. Bakteria wa tumboni mwake mwenyewe, waliokaa naye miaka yote bila ugomvi, walipata mlango.

Alhamisi asubuhi alikunywa uji nusu kikombe. Homa ilikuwa imeshuka, kwa sababu nilikuwa nampa Panadol kila baada ya saa 6 kama nilivyoandikiwa. Nikaenda kufundisha. Mama mdogo alikuja kushinda naye. Alasiri alimwona dada yake anazidi kulegea, akamwita jirani yetu mwenye famasi, ambaye kwa moyo wa kusaidia tu alimdunga sindano moja ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria. Mama mdogo alifanya alichoweza. Mimi ndiye niliyekuwa nimeondoka.

Saa 4 usiku Mama aliniita kwa jina la mdogo wake mwingine, aliyefariki zamani. Nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akanitazama kama mgeni aliyekuja kuomba maji. Mikono yake ilikuwa ya baridi, kifua cha moto, pumzi za haraka. Sasa najua kuwa dalili hizo zikikutana zinaashiria sepsisi: mwili katika kupambana na maambukizi umeanza kujidhuru wenyewe. Wakati ule nilijua tu kwamba Mama anaondoka.

Tulifika hospitali kubwa saa 5 na robo. Presha 80 kwa 45. Kabla sijamaliza kueleza, sista aliuliza maswali 3 ambayo sikuulizwa Jumatano: kemo ya mwisho lini, homa imeanza saa ngapi, ametumia dawa gani tangu hapo. Nilipotaja sindano ya seftriaksoni aliandika saa yake na kuipigia mstari. Wakatoa damu mkono wa kulia chupa 2, mkono wa kushoto chupa 2, kwa ajili ya kuotesha, yaani kuona kama kuna bakteria watakaoota humo. Dripu ikafunguliwa kwa kasi, oksijeni ikawekwa, na dawa ya meropenemu ilianza kuingia mshipani kabla ya saa 6. Hakuna aliyesubiri karatasi ya maabara. Karatasi ilikuja Mama akiwa ameshapata dawa: neutrofili 90, CRP 168, prokalsitonini 31.

Kutoka 0.2 hadi 31, kwa siku moja.

Nilikasirika sana. Jumamosi, Mama alipokuwa amerudi kwenye fahamu zake, nilimfuata daktari bingwa kwenye korido nikiwa na karatasi zote mbili. Nilitaka aniambie kuwa mashine ya Jumatano ilikuwa mbovu. Aliziweka kando kando juu ya meza ya manesi.

"Mwalimu, kipimo hakikukosea. Kilichukuliwa mapema, na kikaulizwa swali lisilo lake."

Kisha akanieleza, na kwa kuwa alijua nafundisha hisabati alinichorea. Prokalsitonini ni kitangulizi cha homoni iitwayo kalsitonini, ambayo siku za kawaida hutengenezwa kwenye tezi ya shingoni. Kwa mtu mzima wa afya huwa chini ya 0.1 kwenye damu. Sumu za bakteria zikiingia kwenye damu, viungo vingi vya mwili huanza kuitengeneza, na ndiyo maana hata mtu asiye na chembe nyeupe inaweza kupanda kwake, ingawa kwa wengine haipandi juu sana. Huanza kuonekana baada ya saa chache, hufika kileleni ndani ya siku moja hivi, na dawa ikishika, hupungua nusu kila baada ya saa 24 au karibu na hapo. CRP hutengenezwa na ini, inachelewa kidogo kupanda, kilele chake ni siku ya pili au zaidi. Mama alianza kusikia baridi saa 10 alasiri. Damu ilichukuliwa saa 3 usiku. Yalikuwa yamepita masaa 5 tu. Ile 0.2 haikuwa sifuri. Huenda ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kupanda mlima.

Swali lisilo lake je? Hilo lilinichukua muda kulielewa. Vipimo hivi vinapima jinsi mwili unavyopokea uvamizi. Havimwoni bakteria mwenyewe. Kwa hiyo vinaweza kupanda bila bakteria: CRP inapanda baada ya upasuaji, inapandishwa na saratani yenyewe, na malaria inapandisha vyote viwili. Wodini tulikuwa na mzee mwenye saratani ya ini ambaye CRP yake haikushuka chini ya 80 wiki zote tulizomwona, damu yake ikioteshwa hakuoti kitu. Mwanawe alikuwa akikosa usingizi kila karatasi ilipokuja. Na vinaweza kuwa chini wakati bakteria wapo, kama ilivyokuwa kwetu. Mwongozo wa kimataifa wa kutibu sepsisi wa mwaka 2021 unashauri prokalsitonini isitumike kuamua kama dawa ianze. Kuamua isimame lini, hapo inaweza kusaidia. Nilipousoma mstari huo baadaye nilikaa nao kwa muda mrefu. Sisi tuliitumia kinyume.

Nimesoma pia kwamba CRP iligunduliwa mwaka 1930 huko Marekani kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia, na kwamba prokalsitonini ilitangazwa mwaka 1993 na watafiti wa Ufaransa waliopima damu za watoto waliolazwa. Ni vipimo vizuri, vimeokoa watu. Lakini ukipewa namba, uliza ilizoeleka kupimwa kwa mtu wa namna gani. Mama wa miaka 58, siku ya 10 ya dawa nyekundu, neutrofili 220, ni mtu wa namna nyingine.

Kilichofuata ndicho kilichonionyesha faida ya kipimo hiki. Zile chupa 4 za damu zilikaa kwenye mashine siku 5 na hakukuota kitu. Daktari alisema haishangazi. Sindano moja ya seftriaksoni iliyotangulia inaweza kunyamazisha chupa hata kama bakteria bado wanaendelea na kazi yao. Na hata bila sindano, wagonjwa wengi wa homa ya namna hii chupa zao hazioti kitu. Kwa hiyo hatukumjua adui wetu ni nani wala dawa ipi ndogo ingetosha. Tulibaki na meropenemu, dawa kubwa, vichupa 3 kwa siku, kila kimoja shilingi 28,000.

Ndipo nilipofungua daftari langu la mraba na kuanza kuchora. Alhamisi usiku prokalsitonini 31. Jumamosi asubuhi 17. Jumatatu 4.6. Alhamisi 0.6. CRP ilikuwa 168, Jumamosi ikapanda 244, Jumatatu 131, Alhamisi 38. Ile Jumamosi nilipoona CRP imepanda baada ya siku nzima ya dawa nililia chooni, nikiamini dawa imeshindwa. Mistari miwili kwenye karatasi moja ndiyo iliyonituliza: mmoja umeshaanza kuteremka, mwingine bado unamalizia kupanda kwa sababu huwa nyuma siku zote. Jumatatu prokalsitonini ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 kutoka kileleni, homa haikuwa imerudi, na neutrofili zilianza kupanda. Alhamisi zilipita 500, meropenemu ikasimamishwa baada ya siku 7. Bila namba zile pengine wangeiendeleza kwa tahadhari, na kila siku ya ziada ilikuwa 84,000 mbali na kitanda.

Niseme wazi kuhusu pesa, maana watu huwa wanaona aibu. Dawa peke yake ilikuwa 588,000. Prokalsitonini 4 zilikuwa 320,000, na bima ya Mama haikuzilipia. Nilikopa 600,000 kwenye kikoba chetu cha walimu, dada yangu akatuma kutoka Tanga, mama mdogo akauza jozi yake ya vitenge vya wax ambavyo alikuwa hajavivaa. Nilichojifunza ni kumuuliza daktari kabla ya kila kipimo: jibu likija juu tutafanya nini, likija chini tutafanya nini? Kama majibu yote mawili yanaelekea kwenye uamuzi uleule, unaweza kuomba kiahirishwe. Yule daktari hakuchukia swali hilo. Ndiye aliyesema tusipime kila siku, tupime baada ya siku 2 au 3 ili tuone mwelekeo. Na kuna ofisi ya ustawi wa jamii katika hospitali za umma, ambako mgonjwa asiye na uwezo anaweza kuomba msamaha wa gharama. Mimi niliifahamu siku ya kutoka.

Mzunguko wa tatu walimpunguzia kidogo dozi, na akapata sindano 5 za filgrastimu za kuongeza chembe nyeupe, 55,000 kila moja. Hakuumwa. Mzunguko wa nne sindano hazikupatikana kwa msamaha, na mimi nilikuwa bado nalipa kikoba. Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba safari moja iliyobaki itapita. Hilo ni kosa langu la pili kubwa, na ninaliandika hapa kwa sababu najua kuna mtu sasa hivi anafanya hesabu hiyohiyo usiku akiwa peke yake. Waambie wahudumu kwamba huna hela ya sindano. Waambie kabla dripu haijaanza.

Siku ya 9, Jumanne, saa 10 alfajiri, Mama aliniamsha mwenyewe. "Nimepima," alisema, "inasema thelathini na nane nukta nne. Sijameza kitu." Alikuwa ameshavaa gauni na kujifunga mtandio. Mkoba ulikuwa mlangoni tangu siku ya 6: kadi ya hospitali, karatasi za vipimo vya zamani, chaja, khanga, maji, na kipande cha karatasi nilichoandika kwa herufi kubwa: SARATANI YA TITI, KEMO YA MWISHO JUMATATU tarehe fulani, LEO SIKU YA ___, HOMA ___ SAA ___, DAWA ALIZOMEZA ___. Nilijaza nafasi zile ndani ya bajaji kwa mwanga wa simu. Tulifika kwenye dakika 50 tangu aniamshe.

Nilimpa sista wa zamu kile kikaratasi badala ya kueleza. Akakisoma mara moja, akamwita daktari. Damu ikatolewa mikono yote miwili, chupa 2 kila mkono, karibu mililita 10 kila chupa. Mama alilalamika: "Mwanangu, hawa wananimaliza damu." Sista akamjibu kwa upole, "Mama yangu, shikamoo. Wadudu hawa wanaweza kuwa wachache mno ndani ya damu, tukichota kidogo tunaweza kuwakosa wote." Baada ya chupa ya mwisho tu dawa ikafunguliwa. Mpangilio ni huo: damu ya kuotesha kwanza, dawa papo hapo baada yake, na kama damu inagoma kutoka mshipani, dawa isicheleweshwe kwa ajili yake.

Kisha majibu yakaja. Neutrofili 180. CRP 26. Prokalsitonini 0.3.

Niliishika karatasi ile mikono ikitetemeka. Zilikuwa karibu namba zilezile za Jumatano ile. Nilijikuta nikitaka kumwambia daktari, ambaye alikuwa mwingine na kijana vilevile, asitutume nyumbani. Sikuhitaji. Alitazama karatasi, akaandika saa pembeni ya 0.3, akasema, "Ni mapema. Tutarudia kesho kuona inaelekea wapi. Dawa inaendelea." Aliondoka kwenda kitanda kingine, na mimi nikakaa chini sakafuni pembeni ya kitanda cha Mama kwa sababu miguu ilikuwa haina nguvu.

Saa 2 usiku siku hiyohiyo walipiga simu kutoka maabara. Chupa zilikuwa zimeonyesha kuna kitu kinaota. Jumatano prokalsitonini ilikuwa 7.2. Alhamisi tuliambiwa jina: E. coli, bakteria wa tumboni, na orodha ya dawa zinazomuua na zisizomuua. Kwenye mstari wa seftriaksoni paliandikwa R, yaani sugu. Yule wa mara ya kwanza hatutamjua alikuwa nani, lakini nilipoiona herufi ile nilikumbuka sindano ya famasi na saa zile zote tulizokaa nyumbani tukidhani ameshapata dawa. Safari hii Mama hakupoteza fahamu hata dakika moja. Presha haikuwahi kushuka chini ya 100. Siku ya tatu aliomba chai ya rangi na chapati, akala robo, akanipa iliyobaki.

Mama mdogo aliniuliza baadaye kwa nini basi tulipe 80,000 kwa kipimo ambacho mara zote mbili kilisema uongo siku ya kwanza. Nilimwonyesha daftari. Siku ya kwanza hakikusema uongo, kilisema bado. Siku ya pili, ya nne na ya saba ndipo kilipotuambia mambo ambayo hakuna kitu kingine kingetuambia kwa haraka hivyo, hasa ile mara ya kwanza chupa ziliponyamaza. Kama una hela ya kipimo kimoja tu, nadhani kuotesha damu ndiko kwa kulipia kwanza; kwetu kulikuwa 45,000. Ukiwa na ya ziada, lipia prokalsitonini, lakini ulipie angalau 2, maana moja peke yake haina mwelekeo. Nukta moja haichori mstari. Ninawaambia wanafunzi wangu hivyo kila mwaka.

Mama alimaliza mionzi, akarudi Muheza. Anameza tamoksifeni, kidonge cha kusaidia saratani isirudi, kila jioni baada ya habari, na shambani ameanza kwenda tena, ingawa nimemkataza kubeba ndoo kwa mkono wa kushoto. Kikoba nilimaliza kukilipa mwezi wa sita. Kipimajoto chetu kiko nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa mama mwenye mtoto wa miaka 7 aliyeanza kemo ya saratani ya damu. Nilikifunga kwenye mfuko mmoja na nakala tupu 10 za kile kikaratasi, na juu ya kiboksi cha Panadol chake nikabandika plasta niliyoandika kwa kalamu ya wino: PIMA KWANZA. Juzi usiku saa 7 alinigongea dirisha. Mtoto alikuwa na 38.2, kikaratasi ameshakijaza, na kilichokuwa kimebaki ni nauli ya bajaji.